Nimechapa mkataba leo, kompyuta inasema umeundwa 2021. Nani anaelewa?

KarafuuKavu · saa 4:14 asubuhi
Assalaam alaykum wadau. Nina steshenari hapa Chake. Leo kaja mzee mmoja kuchapiwa mkataba wa kukodisha mikarafuu. Nikamchapia upya kabisa, Word, ukurasa mtupu. Wakati wa kusevu, ndani ya lile dirisha la Save As nikaona lipo faili jengine linaitwa "Mkataba wa mikarafuu", la mteja mwengine, la tokea Septemba 2021. Kulifuta sikutaka. Nikalibofya humohumo dirishani kwa kitufe cha kulia, nikalibadili jina likawa "Mkataba wa mikarafuu wa zamani". Kisha kule chini nikaandika "Mkataba wa mikarafuu", nikasevu, basi.

Mzee alikuja na mjukuu wake wa kidato cha tatu, na huyo ndiye balaa. Kaomba aone sifa za faili. Limeundwa: Septemba 2021. Limebadilishwa: leo. Mzee akanitazama, akasema "kwa hiyo hii kazi ya mtu mwengine, mimi umenibadilia jina tu?" Elfu mbili zangu kalipa nusu.

Faili la zamani lipo, nimelifungua, maneno yake yamo vilevile. Sasa hili jipya limepata wapi tarehe ya 2021?

Na jengine dogo: nilipolibofya lile la zamani, jina nililokuwa nimeshaandika kule chini lilifutika likaingia lake. Hii nayo kawaida?

Mtu_wa_Darajani · saa 4:20
Betri ya ubao wa ndani ya kompyuta imekufa hiyo. Ile ya duara, CR2032. Ukizima umeme saa inarudi nyuma. Badilisha, mjini hapa haizidi bei ya urojo.

KarafuuKavu · saa 4:23
@Mtu_wa_Darajani saa ya kompyuta iko sawasawa, nimeitazama. Na hiyo "limebadilishwa" inasema leo, dakika ileile. Betri ikifa inakufa kwa tarehe moja tu, nyengine inaiacha?

Mtu_wa_Darajani · saa 4:25
Huenda ilirudi nyuma ulipoanza kuchapa, halafu intaneti ikairekebisha kabla hujamaliza. Windows hujisahihisha saa yenyewe ikipata mtandao.

BintiMlandege · saa 4:26
Irudi nyuma mpaka Septemba 2021 hasa, mwezi uleule wa lile faili jengine? Betri yenye kumbukumbu hiyo tuuzieni sote 😂

NahodhaMkoani · saa 4:31
Pemba tena. Mwiteni mtu asome kisomo.

BintiMlandege · saa 4:33
@NahodhaMkoani na wewe wa Mkoani unajisema mwenyewe?

Mpendae76 · saa 4:40
Kuhusu swali lako la pili, hiyo ni kawaida na ni ya khatari kuliko la kwanza. Ukibofya faili lolote katika orodha, hata mara moja tu, kisanduku cha chini kinachukua jina lake. Hakikuulizi. Lile uliloliandika linaondoka.

Ofisi moja niliyopata kufanya kazi kulikuwa na dada mchapaji hodari. Alikuwa na mazoea ya kubofya faili la mwezi uliopita ili auige mtindo wa jina: ananakili "Muhtasari wa kikao Februari", anageuza mwisho tu kuwa Machi. Siku moja simu ikalia katikati. Aliporudi akabonyeza Save moja kwa moja, likaja swali la kama anataka kulibadilisha lililopo, akabonyeza ndiyo kama tunavyobonyeza sote. Februari ikaondoka na maazimio yake yote. Mwenyekiti aliyataka wiki hiyohiyo.

Mchambuzi_Kwerekwe · saa 4:47
Mkuu, kuna tarehe mbili tofauti hapo, watu wanazichanganya. Ipo tarehe ya diski, anayoiandika Windows, na ipo tarehe ya ndani ya waraka, anayoiandika Word mwenyewe. Pengine ulianza na waraka wa zamani ukafuta maneno. Ukifanya hivyo jina la mwandishi wa mwanzo hubaki ndani, na kichwa cha waraka hubaki. Ndiyo maana unakuta CV ya mtu, ukiifungua kama PDF katika kivinjari, juu ya kichupo pameandikwa jina la mtu mwengine kabisa.

KarafuuKavu · saa 4:50
Nimesema ukurasa MTUPU. Ctrl+N. Someni wadau.

FundiWete · saa 5:12 asubuhi
Nimesoma wote, nimejaribu kwanza kabla sijasema. KarafuuKavu yuko sahihi, na kompyuta yake nzima.

Lile dirisha la kusevu si la Word. Ni la Windows, programu nyingi zinaazima. Ile orodha ya mafaili mnayoiona humo ni Explorer yenyewe, ile ya kufungulia mafolda, imetiwa ndani ya fremu, ndiyo maana mnaweza kubadili jina, kufuta, kukata na kubandika humohumo. Kisanduku cha chini ndicho chenye kazi ya programu.

Sasa tarehe. Windows ina tabia ya tangu zama za kina Windows 95 na NT, inaitwa tanelingi. Faili likiondoka kwenye jina lake, iwe umelifuta au umelibadili jina, Windows inalikumbuka lile jina kwa sekunde 15. Ndani ya muda huo likija faili jengine jipya kwa jina lilelile na katika folda ileile, linarithishwa tarehe ya kuundwa ya lile lililoondoka. Hata jina lake fupi la zama za DOS hurithi, yale ya MKATAB~1.DOC.

Sababu yake ni hii: programu nyingi hazisevu juu ya faili lako. Zinaandika faili la muda pembeni, zinaliondoa la zamani, zinalipa la muda jina la asili. Bila ya urithi huu kila ukisevu faili lako lingekuwa "limezaliwa leo", na zile programu kongwe zisizojua majina marefu zingeyapoteza. Kwa hivyo Windows ikiona jina limeondoka na limerudi haraka, inadhani ni mtu anasevu.

KarafuuKavu kalibadili jina la zamani, kaandika jipya, kasevu. Mchapaji wa steshenari, vidole vyepesi, sekunde 15 hazikufika. Windows ikadhani ni lilelile.

Mwenye kutaka kuhakiki afungue lile dirisha jeusi la amri, aingie kwenye folda yenye faili la siku nyingi linaloitwa x.txt, aandike haraka:

ren x.txt y.txt
echo habari > x.txt
dir /tc

Hiyo /tc ndiyo inayoonesha tarehe ya kuundwa.

BintiMlandege · saa 5:15
Mashallah. Nimejaribu, x.txt mpya imetoka na tarehe ya mwaka juzi. Nimeogopa kidogo.

NahodhaMkoani · saa 5:16
Kisomo bado kiko palepale lakini.

SheikhLinux · saa 5:28
Kwa amri, sawa, sibishi. Lakini Word si amri ya echo. Windows ina njia nyengine inayozipa programu: "badilisha faili hili kwa hili", na njia hiyo yenyewe hulihifadhia jipya tarehe ya kuundwa ya la zamani, bila ya sekunde 15 wala 50. Mimi nasema KarafuuKavu aliulizwa kama anataka kubadilisha lililopo, akabonyeza ndiyo bila ya kusoma. Mpendae76 kashatuelezea watu wanavyobonyeza.

KarafuuKavu · saa 5:31
Sikuulizwa, Sheikh. Na ningeulizwa nikakubali, la zamani lingekuwa limekufa. Lipo hai, nimelifungua mbele ya mzee.

SheikhLinux · saa 5:35
Unajuaje kama hukusevu mara mbili? Mara ya kwanza likaundwa, ukaona kosa la herufi, ukasevu tena.

KarafuuKavu · saa 5:36
Mara ya kwanza likaundwa na tarehe gani? Ya leo. Sasa ya pili irithi 2021 kwa nani?

SheikhLinux · saa 5:44
Hapo nakuachia kidogo. Lakini nimejaribu kwenye kompyuta yangu ya Linux, isiyotumia Windows, na mambo hayo hayapo hata ukikimbia vipi. Faili jipya ni jipya.

Mtu_wa_Darajani · saa 5:46
Tulijua ataitia Linux mahali. Tulikuwa tunahesabu.

Maalim_Gando · saa 6:05 mchana
Nami nimejaribu skuli, matokeo hayakubaliani na ya FundiWete. Nimebadili jina humo dirishani, nikaenda kuwafungulia wanafunzi maktaba, nikarudi nikasevu. Dakika kadhaa zimepita. Faili limetoka na tarehe ya zamani vilevile. Sekunde 15 zimekwenda wapi?

FundiWete · saa 6:11
@Maalim_Gando faili lilikuwa diski ya ndani au kwenye fleshi? Na ulisevu waraka mpya au ulioufungua?

Maalim_Gando · saa 6:18
Nilioufungua, uko kwenye folda ya kompyuta ya walimu wote. Ni orodha ya mitihani, nikaigeuza kidogo.

FundiWete · saa 6:24
Basi hayo ni maji mengine. Folda ya pamoja, sijui inakaa kwenye mashine gani wala inatumia mfumo gani wa diski. Na waraka uliofunguliwa una mambo yake.

Mchambuzi_Kwerekwe · saa 6:26
"Hayo ni maji mengine." Kila jaribio lisilomkubalia ni maji mengine 😄

FundiWete · saa 6:30
Hebu na wewe jaribu, halafu uje ucheke.

Shemeji_wa_Ole · saa 7:02 mchana
Mimi la kwangu linakaribia hilo. Natumia Notepad kuandika hesabu za duka. Siku nyengine nalibadili jina faili wakati bado liko wazi, halafu naendelea kuandika, napiga Ctrl+S. Nikifungua folda nakuta mawili: lenye jina jipya halina nilichoongeza, na lenye jina la zamani limefufuka na kila kitu kimo. Mke wangu anasema naficha hesabu.

FundiWete · saa 7:09
Notepad halishiki faili. Likishalifungua linasoma maneno, linakumbuka jina tu, linaliacha. Ukilibadili jina huku nyuma halina habari. Ukipiga Ctrl+S linaandika kwa jina linalolijua, na kwa kuwa halipo, linaliunda. Word ni kinyume: likifungua linafunga mlango, ukijaribu kulibadili jina unaambiwa faili linatumika. Tazama pia Word linavyoacha kifaili kilichofichwa pembeni wakati limefungua, kinaanza na ~$. "Muhtasari" kinakuwa ~$htasari. Hicho ndicho kinachosema nani kafungua.

Mpendae76 · saa 7:14
Kumbe hiyo ndiyo maana! Nikiona ~$htasari kwenye fleshi za watu nikidhani virusi, nafuta.

Mtu_wa_Darajani · saa 7:15
Virusi wenyewe ni wale wa njia za mkato. Unachomeka fleshi, mafaili yote yamefichwa, umeachiwa vishale.

BintiMlandege · saa 7:40
Tukiwa kwenye majina, nani mwengine ana folda yenye mafaili kumi yote yanaitwa SERIKALI YA MAPINDUZI YA ZANZIBAR? Word huchukua mstari wa kwanza wa barua kupendekeza jina, na barua zote za ofisini mstari wa kwanza ni huohuo. Mtu akiwa na haraka anapiga Enter. La pili linamuuliza, anaongeza 1. Halafu 2. Halafu "mpya". Halafu "mpya kabisa".

Mchambuzi_Kwerekwe · saa 7:43
"Mpya kabisa ya mwisho (2)". Ninayo.

Maalim_Gando · saa 7:51
Na kumbukumbu namba! Barua zetu zote zina mkwaju (/) kwenye namba. Ukiiandika namba vile ilivyo kwenye kisanduku cha jina, Windows inadhani kila mkwaju ni folda, inakwambia njia haipo. Karani wetu mpya alidhani hana ruhusa ya kusevu, akaenda kumlalamikia mkuu. Weka vistari vya kulala tu.

Shemeji_wa_Ole · saa 7:55
Nyota pia. Niliandika jina lenye nyota mbele ili nilione upesi, dirisha likanifichia mafaili yangu yote isipokuwa machache.

FundiWete · saa 8:01
Nyota humo ni ya kutafutia, dirisha linachuja orodha. Marufuku kwenye majina ni hizi: \ / : * ? " < > | . Na kuna majina mazima yamekatazwa tangu DOS, CON, PRN, AUX, NUL, na COM1 mpaka COM9, LPT1 mpaka LPT9.

Maalim_Gando · saa 8:06
Subiri. COM1? Tulikuwa na mwalimu wa Commerce akitaka kuhifadhi maswali ya kidato cha kwanza kwa jina hilo, COM1, kompyuta ikakataa katakata. Akaandika COM 1 ikakubali. Tukasema mashine imezeeka.

FundiWete · saa 8:08
COM1 ni jina la tundu la nyuma la kompyuta kwa Windows. Alikuwa anaiambia iandike maswali kwenye tundu.

NahodhaMkoani · saa 8:09
😂😂😂 nimemwaga chai

KarafuuKavu · saa 9:20 alasiri
Wadau uzi umenikimbia. Nimefanya jaribio la FundiWete kwenye kompyuta ya dukani kwa Word, si kwa amri. Nimebadili jina, nikasevu papo hapo: tarehe ya zamani. Nikabadili jingine, nikamhudumia mteja wa kopi za ZanID, nikarudi nikasevu: tarehe ya leo. Kwangu mimi FundiWete kashinda.

Maalim_Gando · saa 9:24
Kwako. Kwangu bado.

SheikhLinux · saa 9:27
Jaribu kwa kuchelewesha sekunde 14 kisha 16, ndiyo tutajua.

BintiMlandege · saa 9:28
Sheikh nenda kasali.

Mchambuzi_Kwerekwe · saa 9:41
Nami nimejaribu, lakini kwa fleshi. Nilisevu kwenye kompyuta, limetoka na tarehe ya zamani, haya. Nikalinakili kwenye fleshi, huko tarehe ya kuundwa ni ya leo na tarehe ya kubadilishwa ni ya kabla yake! Faili limebadilishwa kabla ya kuundwa. Elezeni.

FundiWete · saa 9:46
Kunakili ni kuunda. Nakala inazaliwa pale inaponakiliwa, ila tarehe ya maneno inaichukua ya asili. KarafuuKavu, ungempa mzee fleshi mkononi na mjukuu akaitazama huko, angekuta leo, na elfu yako ungeipata.

KarafuuKavu · saa 9:49
Sasa unaniambia.

Mpendae76 · saa 10:03 alasiri
Mimi sikubaliani na hilo la betri kutupwa pembeni moja kwa moja. Ule umeme uliokatika Unguja Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kompyuta za ofisini zilikaa miezi mitatu bila ya moto. Zilipowashwa, nyingi saa zilikuwa zinaota. Barua za Machi 2010 zikatoka na tarehe za ajabuajabu, mpaka leo ukizipanga kwa tarehe zinakwenda juu kabisa, kabla ya zote. Kwa hivyo anayekuta tarehe za ajabu asikimbilie hizo sekunde, aanze na saa.

Mtu_wa_Darajani · saa 10:05
AHSANTE. Nilisema mie tokea saa nne asubuhi.

BintiMlandege · saa 10:06
Ulisema kwa kesi isiyokuwa yake.

Ami_Juma_Vitongoji · saa 10:30
Vijana, mimi si mtu wa kompyuta, lakini mikataba ya mikarafuu nimeiandika mingi. Hiyo tarehe ya faili haina kazi. Kazi iko kwenye tarehe iliyochapwa, saini za pande mbili na mashahidi, na mpeleke kwa sheha agonge muhuri. Na aandike idadi ya mikarafuu na mipaka ya shamba, mti kwa mti, si "shamba la bonde la chini". Ugomvi wote wa msimu unatoka hapo.

KarafuuKavu · saa 10:36
Ami, shukran. Mkataba wake umeandika "mikarafuu yote iliyoko". Nimpigie simu?

Ami_Juma_Vitongoji · saa 10:38
Mpigie leo. Yote iliyoko pamoja na michanga? Na ule uliolalia kwa jirani?

Shemeji_wa_Ole · saa 10:41
Ami kaingia, kompyuta imekwisha.

Maalim_Gando · saa 11:15 jioni
Narudi kwenye hoja yangu kabla haijazikwa. Nimejaribu tena kwenye folda ya pamoja, waraka MPYA safari hii, nimengoja mpaka wanafunzi wa zamu ya mchana wametoka. Tarehe ya leo. Nikafungua la zamani, nikalisevu kwa jina jengine: tarehe ya leo. Nikalisevu tena juu ya lile la asubuhi, nikaulizwa, nikasema ndiyo: tarehe ya zamani, ile ya faili la asubuhi, si ya leo. Sheikh naye ana kipande chake.

SheikhLinux · saa 11:17
Andikeni tarehe hiyo, Maalim kanikubali.

FundiWete · saa 11:22
Asubuhi ulisema hukuulizwa kitu.

Maalim_Gando · saa 11:25
Asubuhi sikusema niliulizwa wala sikuulizwa. Hamkuuliza.

NahodhaMkoani · saa 11:26
Hapa ndipo pa kisomo hasa.

KarafuuKavu · saa 12:10 jioni
Nimempigia mzee. Anasema mjukuu kashasoma uzi huu wote na anataka kujua FundiWete yuko wapi Wete ili akamfundishe hilo dirisha jeusi. Kuhusu ile elfu hakusema kitu.

FundiWete · saa 12:14
Mwambie aje Jumamosi baada ya chuo. Aje na fleshi isiyokuwa na vishale.